Pembe ya Tisini na Sita

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Daktari amenipima moyo. Kasema nisipande ngazi, nisikasirike, na niyaweke mambo yangu sawa. Nikamuuliza ana maana gani. Akatazama viatu vyake. Nimeelewa.

Miaka themanini na moja. Nimeandika vitabu viwili vya uhandisi, na humo mote hamna hata mstari mmoja wa lile ninalotaka kulisema. Nimemwomba mkwe wangu aninunulie daftari. Hili ni daftari la kuungama. Litasomwa nikishazikwa. Nitasema kila kitu, bila kujipaka mafuta.

Nitaanza kesho. Leo limetokea jambo la haraka zaidi.

Mjukuu wangu wa kike kaja mchana anang'aa kama taa mpya. Yeye ndiye mhandisi wa karakana ya pamoja, ile ya chuo chetu na kiwanda cha ndege. Wanaunda mkia wa ndege ndogo kwa nyuzi za kaboni. Mkia wa kwanza kabisa! Hautakuwa na bati wala ribiti. Kesho ananipeleka nikauone ukitandazwa. Nikafurahi mpaka nikakohoa.

Ndipo akaongeza, huku anamenya chungwa, kwamba karakana imepewa jina. Imepewa jina la Rula.

Rula! Fundi wa kiwandani! Wakati mimi nafundisha chuoni, yeye alikuwa anakata vipande vya majaribio. Tumechokozana miaka arobaini na miwili. Tulimbatiza Rula kwa sababu ya ile rula ya chuma mfuko wa kifuani, anayokwenda nayo hata harusini. Na sasa kibao cha shaba mlangoni kina majina yake yote matatu.

Mkwe akaniuliza mbona sili chungwa. Nikamjibu lina mbegu.

Nimefikiri jioni nzima. Kibao kimefungwa mlangoni kwa skrubu nne. Mlango hauruki. Mkia unaruka.

Nina mpango.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimeona!

Nianze na mavazi. Ovaroli nyeupe, kofia ya nailoni, glavu, mifuko ya kufunika viatu. Hata magurudumu ya kiti changu yamepanguswa kwa spiriti. Anayetawala chumba kile ni mwanamke mfupi wanayemwita Mama Glavu. Alinikaribisha kwa heshima zote, kisha akaniambia nikipiga chafya ananitoa nje na kiti changu.

Kitambaa kinatoka kwenye friza kimekunjwa kama mkeka. Cheusi. Lakini weusi wake unakunywa mwanga wa taa, halafu ukiinamisha kichwa unaurudisha kidogo kidogo, kama samaki anayegeuka majini. Unywele mmoja ungepasuliwa mara kumi ndiyo upate unene wa uzi wake. Tayari kimeloweshwa gundi. Ukikishika ni laini, ungeweza kushonea gauni. Kikishapikwa, watu watakaa mbele yake na kuvuka milima.

Wakati wetu tulipika vipande vya ukubwa wa sahani, katika oveni kuukuu ya kuokea mikate. Leo kuna tanuri la shinikizo lenye mlango mkubwa kuliko sebule yangu. Nililitazama nikasahau kwamba nina miguu mibovu. Sikuyategemea machozi. Nilisingizia spiriti.

Kazi yenyewe: matabaka ishirini na manne, moja juu ya jingine, kila moja likigeuziwa upande wake. Kila tabaka linakuja na karatasi ya nta mgongoni. Wanaiita ganda. Unatandaza tabaka, unalipapasa lishike, unabandua ganda, unalitupa kwenye sinia. Mjukuu wangu anatia saini. Tabaka linalofuata.

Ole wako ganda likibaki ndani! Pale gundi haishiki. Mkia unatoka mzuri kama kioo, halafu siku moja hewani unafunguka kama kitabu. Ndiyo maana mwisho wa kazi wanahesabu maganda. Ukutani kuna bango: HESABU YA RULA. Kurasa mbili nzima. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaona ni kuhesabu karatasi. Kumbe mtu anapewa karakana kwa kujua kuhesabu mpaka ishirini na nne!

Kwa heshima ya mvi, Mama Glavu akaniruhusu kubandua ganda la tabaka la kumi na sita. Nikageuza kiti kuelekea ukutani kana kwamba nakohoa. Nikachana kipembe cha lile ganda, si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Kipande cha penseli nilikuwa nimekificha juu ya sikio, ndani ya kofia. Nikaandika jina langu upande mkavu. Yote matatu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Ganda likaenda kwenye sinia. Kipembe kikakaa juu ya kitambaa, chini ya kiganja changu.

Tabaka la kumi na saba likashuka juu yake kama shuka safi.

Nilijua ni hatari? Nilijua. Niliifundisha hatari hiyo miaka thelathini. Lakini nikajiambia ni kipembe tu, kitu kisichozidi punje ya mchele kwa uzito. Naandika haya kwa sababu nimeahidi kusema kila kitu.

Nimelala mchana nikiota niko angani.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Balaa!

Mjukuu kaja saa kumi na mbili jioni, uso umemsawijika. Hesabu haikutimia. Nikashangaa, nikamwambia haiwezekani, maganda yote ishirini na manne nimeyaona kwa macho yangu. Akasema maganda yapo. Hawahesabu maganda, Babu. Wanahesabu pembe.

Pembe!

Maganda ishirini na manne, kila moja pembe nne za mraba, jumla tisini na sita. Wamepata tisini na tano. Iko kwenye mstari wa pili wa lile bango. Mstari wa pili! Nilishindwa nini kushusha macho kidogo?

Nikajaribu kumwambia kwamba kihesabu karatasi iliyochanwa pembe inakuwa na pembe tano, si tatu, kwa hiyo wana ziada, si upungufu. Akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyeingia na viatu vya tope.

Wametafuta sakafuni, kwenye nyayo, kwenye nywele, ndani ya glavu. Hakuna. Na kile kitambaa kikitoka kwenye friza kinaanza kufa. Kina mpaka keshokutwa jioni kuingia tanurini, la sivyo ni takataka. Roli jingine la kitambaa kulisubiri ni miezi minne. Kiwanda kimeshasema kama hakuna mkia wiki hii kinaondoka, ushirikiano na chuo basi.

Ganda lililopungua ni la kumi na sita, na hakuna anayethubutu kubandua matabaka yaliyokwisha kushikana. Nililibandua mimi, lakini nani atamshuku mzee wa mvi; aliyetia saini tabaka la kumi na sita ni mjukuu wangu.

Hakula. Alikaa pale kwenye stuli ya jikoni akasema kwa sauti ndogo kwamba mbele ya mkia ule atakaa mtoto wa mtu, na yeye ameweka jina lake kwamba ni salama. Mama yake, mkwe wangu, akamshika bega. Mimi nikasema chai imepoa.

Sasa niandike lile la zamani, maana linanikaba.

Miaka arobaini iliyopita tulitandaza kipande cha kwanza cha ushirikiano, chuo na kiwanda, mimi na Rula. Sikuwa na karatasi mfukoni. Nikachana pembe ya ganda nifanyie hesabu kwa penseli. Nikaisahau juu ya kitambaa, tabaka jingine likaifunika. Siku ya wageni, kipande kikawekwa kwenye mashine ya kuvuta, kikapasuka katikati mbele ya wakubwa wote. Fomu ilikuwa na saini ya Rula. Wakamshusha cheo. Akaosha kalibu, yale maumbo ya kutandazia kitambaa, miaka miwili, mikono ikimbabuka kwa dawa, na mimi nikipita pale kila Jumanne nikimsalimu vizuri tu.

Sikusema. Siku ya kwanza niliogopa. Ya pili nikaona aibu ya kutosema ya kwanza. Baada ya hapo ilikuwa mazoea.

Na ni wakati anaosha kalibu ndipo alipobuni hiyo hesabu yake. Kosa ni langu, sifa ni zake! Hapana. Naona nimepotoka. Kesho nitanyoosha mambo.

Nina mpango.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Mpango ulikuwa huu: pembe imepotea, basi pembe ionekane. Mkwe ana karatasi ya kuokea keki kabatini. Ni ya nta vilevile. Nikakata kipembe kwa mkasi wa kucha, nikakisaga ukingoni kidogo kionekane kimechanika. Kazi safi. Nilikusudia wakishatulia nitafute njia ya kuwaambia wafungue tabaka la kumi na saba. Njia gani, sikuwa nimefika huko.

Nikaomba nipelekwe karakana kumtia moyo mjukuu. Nikakidondosha chini ya meza, nikasubiri.

Mama Glavu akakiona baada ya dakika kumi. Shangwe! Watu wakapigana viganja. Mjukuu wangu akafunika uso. Mimi nikawa napangusa jasho kama mshindi.

Mama Glavu hakushangilia. Alikiinua kwenye mwanga. Alikinusa. Akauliza, tena polepole, ni jikoni kwa nani wanakotia vanila kwenye nyuzi za kaboni.

Kila mtu akakinusa kwa zamu.

Kisha macho yote yakahamia kwa mjukuu wangu. Aliyetia saini. Ambaye Jumapili aliwaletea keki aliyooka mama yake. Hakuna aliyemshitaki. Meneja wa kiwanda alisema tu kwamba kwa sasa asitie saini kitu chochote. Akavua beji yake mwenyewe, akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Moyo wangu ulipiga vile daktari alivyonikataza. Nikasema nina jambo. Hakuna aliyesikia, kwa sababu mlango ulifunguliwa na akaingia Rula.

Walikuwa wamemwita. Mgongo umepinda, mvi mpaka kwenye nyusi, rula ipo mfukoni. Akanisalimia shikamoo Mwalimu, kwa kejeli, maana tunapishana miezi mitatu. Nikamwitikia marahaba kijana. Akauliza bado napumua kwa mapafu yangu mwenyewe. Nikamwambia naona mlango wake una skrubu moja imelegea.

Basi akaanza, na hapa lazima nivue kofia. Alitandaza maganda yote mezani kwa namba zake. La kumi na sita akaliinamia kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Akapima kwa rula pale lilipochanika. Akasema hapa hapakukatwa kwa kisu wala hapakuchanika kwa bahati, hapa pamechanwa kwa kidole cha mtu aliyekuwa na haraka. Akaagiza mkia upulizwe hewa ya baridi, gundi iache ukaidi. Kisha wakaanza kubandua matabaka kwa kurudi nyuma, la ishirini na nne, la ishirini na tatu, la ishirini na mbili. Vidole vyake, ambavyo haviwezi kufunga kifungo cha shati, vilinyanyua kile kitambaa bila kupindisha uzi mmoja. Watu kumi na mbili chumbani na hakuna aliyemeza mate. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile, na nilikuwa naombea kisifanikiwe.

Tabaka la kumi na saba likainuka. Kikawa pale. Cheupe juu ya weusi ule, kama dirisha moja lenye taa.

Rula akakiokota kwa ncha ya rula. Akakisogeza machoni. Akakisoma. Akanitazama ng'ambo ya kioo, maana nilikuwa nimeshatolewa nje kwa kupumua kwa kelele. Akakigeuza, akakilaza kwenye sinia maandishi chini, akatangaza tisini na sita.

Alasiri akaja nyumbani. Mkwe akamletea chai. Mkwe aliporudi jikoni, Rula akasema mwandiko wangu haujazeeka.

Nikasema sijui anazungumzia nini.

Akatoa rula mfukoni. Nyuma yake, chini ya gundi ya plastiki iliyogeuka manjano, pamebandikwa kipembe cha karatasi ya nta. Kidogo. Kikuukuu. Kwa penseli: 24 × 4 = 94. Mwandiko wangu.

Alikuwa nacho miaka arobaini! Alikipata ndani ya kile kipande siku ileile kilipopasuka. Alijua tangu siku ya kwanza, na kila Jumanne alipoitikia salamu zangu mikono ikiwa kwenye dawa, alijua.

Nikamuuliza kwa nini. Akapuliza chai. Akasema mafundi kiwandani walikuwa wengi lakini chuo kilikuwa kimoja, na mhadhiri akiharibu chuo kingeondoka, na kikiondoka nani angewafundisha vijana kazi hii. Mtu wa kuosha kalibu hana cha kupoteza, ataosha, zitaisha. Kisha akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Akasema lililomuuma si kuosha. Lililomuuma ni kwamba mtu mwenye shahada tatu amekosea ishirini na nne mara nne. Alipoisahihisha akapata tisini na sita, akaona ndiyo idadi ya pembe za maganda yote, ndipo wazo la kuhesabu pembe lilipomjia.

Nimekaa na rula ile magotini mpaka chai ikaota ngozi. Nimesoma vitabu vingi. Sikujua kwamba binadamu anaweza kutengenezwa hivyo, tabaka juu ya tabaka, na katikati asiwe na hata kipande cha kinyongo.

Wakati anaondoka aliniambia jambo moja tu. Yeye alikuwa na mabega ya kubebea. Huyu binti asibebeshwe.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Nimeungama. Si daftarini. Kwa mdomo.

Saa tatu asubuhi, karakana, watu wote wamesimama mbele ya tanuri. Niliomba nisimamishwe. Wakanishika kwapa huku na huku.

Nikaanza na la juzi. Jina ni langu, kipembe ni changu, na karatasi ya keki imetoka kabatini kwa mkwe wangu bila yeye kujua. Mjukuu hana habari. Mama Glavu alibadilika rangi. Aliniuliza kama nina akili. Aliniuliza kama ningependa kukaa mbele ya mkia wenye jina langu ndani, mita elfu tatu juu ya ardhi. Aliniuliza mengine ambayo mwanamke wa umri wake hamwulizi mzee, na yote nilistahili. Meneja akaichukua ile beji mezani, akamrudishia mjukuu kwa mikono miwili, akaomba radhi.

Kisha nikasema la zamani. Nikanyoosha kidole kwa Rula, nikasema kile kipande kilipasuka kwa sababu yangu, na huyu aliosha kalibu miaka miwili kwa kosa langu.

Mara makofi! Wakapiga makofi! Meneja akatikisa kichwa, akasema ona wazee wetu, yuko mlangoni pa kaburi bado anataka kumsafisha rafiki yake. Nikapiga kelele kwamba ni kweli. Wakapiga zaidi. Binti mmoja wa maabara akalia. Nikamgeukia Rula anisaidie, aitoe hesabu yangu ya tisini na nne awaonyeshe. Alikuwa anatazama dari, mabega yanamtetema kwa kicheko.

Labda nisingeongeza kwamba, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, hesabu ile ilipaswa kuitwa Hesabu ya Rula na Mwalimu. Hapo makofi yalipungua.

Mjukuu hakupiga makofi. Alikuja akachuchumaa mbele ya kiti changu. Aliniamini, nilimwona kwenye macho. Aliniuliza kama usiku wa Jumatano, alipokaa kwenye stuli, nilikuwa tayari najua. Nikasema ndiyo. Akanikazia macho. Katika maisha yangu yote sijakaa kwenye tanuri lenye shinikizo namna ile. Kisha akanivisha vizuri kofia ya nailoni iliyokuwa imepinda, akaenda kazini.

Matabaka manane yametandazwa upya. Wamehesabu mara tatu. Saa kumi na moja jioni mkia umeingia tanurini, bado saa moja.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Wamefungua. Mjukuu alikuja kunichukua mwenyewe. Hakuongea sana njiani, lakini alinifunga mkanda.

Mlango wa tanuri uliguna. Joto likatujia usoni. Kisha ukatoka.

Sijui nitaandikaje. Kilichoingia kitambaa kimetoka kitu kimoja, chenye ukingo mwembamba kama ulimi wa kisu na tumbo lililovimba kidogo mahali upepo utakapokaa. Nilijiona humo, mzee mweusi ndani ya mkia mweusi. Mama Glavu aliugonga kwa sarafu, kote, kutoka shinani mpaka kileleni. Ukijibu ngo, kuna pengo. Uliita ti, ti, ti, kila mahali, mlio safi kama wa glasi. Alipofika mahali pa kipembe changu nikafumba macho. Ti.

Mashine ya mwangwi, inayopekua ndani kwa sauti, nayo haikuona kasoro. Kiwanda kimetia saini miaka mitano na chuo. Mjukuu akaweka saini ya mwisho, kisha akanishika mkono, akauweka juu ya mkia uliokuwa bado una vuguvugu. Hakusema amenisamehe. Alisema nisikie ulivyo mwepesi. Wanaume wawili waliuinua kwa vidole.

Nimeona cha kutosha. Mambo yangu yako sawa. Daftari hili naweza kulifunga.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Moyo umetulia kwa namna ya kushangaza. Daktari hana maelezo.

Mjukuu kapita na habari. Wiki ijayo wanatandaza mkia wa pili. Rula amemwomba Mama Glavu niruhusiwe tena, kwa kukaa kimya na mbali. Mama Glavu kakubali kwa masharti, na masharti kaniletea yamechapwa: SHERIA ZA WAGENI. Mjukuu akaniomba niyasome yote, Babu, yote, halafu nitie saini.

Nimetia saini papo hapo, kumpendeza.

Sasa nasoma. Mgeni atatoa vitu vyote mifukoni. Mgeni atakaguliwa masikio. Mgeni atakaguliwa kofia, glavu na chini ya kiti. Wamejitahidi, si haba. Lakini nimepitia ukurasa mara mbili na sijaona mahali palipoandikwa soksi.

Kipande kidogo cha penseli kinaenea vizuri penye kifundo cha mguu. Na safari hii si ndani ya matabaka, la hasha, mimi si mwendawazimu. Ni juu tu, nyuma ya ukingo, kabla ya rangi.

Kuna ukurasa wa pili. Nitausoma siku nyingine.